Bei ya Kukingwa na Ndugu

Barabara ya Mill Creek,
Harlan Springs, Texas.
9 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Royce,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikiomba barua hii ikukute mzima na baridi ya huko Alaska iwe haijaanza kukutafuna mifupa. Kile kikohozi kilipona? Na bega je? Nauliza tu, ingawa najua kwako kujibu barua ni kazi nzito kuliko kuchimba mafuta.

Sisi hatujambo, ila ni hatujambo ya watu waliochoka. Presha ya mume wangu Dwayne inapanda na kushuka ipendavyo yenyewe, maana chumvi hataki kuiacha. Mimi ni magoti. Sakafu ya jikoni pale shuleni ni saruji tupu, nasimama tangu alfajiri mpaka watoto wameshiba. Lakini namshukuru Mungu, kwani wako wasio na pa kusimama.

Kanisani tumepata mchungaji mpya. Kijana, anahubiri mpaka kuku wa kwenye oveni za watu wanaungua. Bibi Vesta Tolliver, jirani yake Mama, bado anakaa benchi lile lile na bado anamsahihisha mchungaji kwa sauti.

Sasa jambo lenyewe, Royce. Ni nyumba ya Mama.

Tangu tumzike nimekuwa naenda kule kila Jumamosi. Nakata nyasi, nafungua madirisha, nafukuza nyigu barazani. Paa linavuja juu ya chumba chako. Kodi ya kaunti inakuja iwe kuna mtu ndani au hakuna. Nilijiambia nitaweza, lakini mdogo wangu, siwezi tena. Nikiwa kule nawaza kwangu kumelala bila kufagiwa, nikiwa kwangu nawaza kule.

Mwezi Agosti Mungu akaleta wanunuzi. Ni Efraín Villarreal, fundi wa mabomba, na mkewe Marisol, ambaye mimba yake imeshakuwa kubwa. Huyo binti alisimama jikoni kwa Mama, akashika ukingo wa sinki, akasema, "Mama Twyla, hapa nitamwogeshea mtoto." Nikageuza uso nikajifanya natazama jiko.

Wewe hujawahi kununua nyumba, basi nikueleze. Mnunuzi hapa hanunui bila bima ya hati. Ni bima inayomlinda siku mtu akitokea na kusema, "Hii nyumba ni yangu, au nusu yake ni yangu." Hailipiwi kila mwezi kama ya gari. Inalipwa mara moja siku ya kuuziana, na kwa desturi ya huku mlipaji ni muuzaji. Yaani mimi.

Na mimi unanijua, sinunui hata viazi bila kuuliza bei mahali pengine. Nikaanza kupiga simu. Ofisi ya hapa uwanja wa mahakama, ofisi ya barabara kuu, ofisi za mji wa jirani. Wiki nzima ya mapumziko yangu ya mchana ikaishia kwenye simu, nasikilizishwa muziki. Kila mmoja ananitajia bei ya bima, na bei ni ile ile. Nikafikiri wamekula njama. Dwayne akasema hawa wanatuona wajinga, akawasha gari, akaenda mpaka kaunti ya tatu kubembeleza. Mwanamke wa kule akamcheka.

"Mzee wangu, hata ukienda mpaka El Paso ni hiyo hiyo. Bei ya bima inapangwa na serikali ya jimbo. Ofisi zinatofautiana kwa ada zao ndogo ndogo tu."

Akarudi. Nikamuuliza, "Umeokoa kiasi gani?"

"Usiniulize. Petroli nayo imekwisha."

Tulicheka, Royce. Ndiyo mara ya mwisho kucheka kwa sababu ya nyumba hii.

Basi nikalinganisha hizo ada. Huyu anatoza ya kuandika karatasi, yule anatoza ya mjumbe wa kupeleka karatasi mahakamani, na mahakama iko ng'ambo ya barabara, ningezipeleka mwenyewe na magoti yangu haya. Ofisi ya barabara kuu ndiyo iliyokuwa nafuu kupita zote. Nikaenda nikiwa na furaha. Bwana wa pale akasoma jina la Mama, akauliza kama aliacha wosia. Nikasema hakuacha. Watoto? Nikasema mimi na mdogo wangu, yuko Alaska. Atatia saini? Nikasema sijui, simu yake haipokewi.

"Hilo dogo, dada," akasema. "Tutaandika kwamba bima inakinga kila kitu isipokuwa madai ya huyo ndugu yako. Mtu wa Alaska atarudi lini huku?"

Nilikaa pale nikiwa nimeshika mkoba. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nikikitafutia bei nafuu wiki zote hizo. Watu hawa hawaogopi moto, wala kimbunga, wala mwizi. Wanakuogopa wewe. Nimezunguka kaunti tatu nikiuliza ni bei gani kumkinga mtu na Royce wetu, aliyekuwa akilala na viatu ili asichelewe kwenda kuvua kambare na Baba.

Nilikataa. Benki inayowakopesha wale vijana isingekubali, na hata ingekubali, nisingeweza kumwacha Marisol aogeshe mtoto kwenye nyumba ambayo kesho mtu anaweza kuja kugonga na kudai nusu. Sisemi utafanya hivyo. Nasema hati haikujui kama ninavyokujua mimi.

Nikarudi uwanja wa mahakama, kwa Bi Nadine Kubicek. Ada zake ziko juu kidogo, lakini hasemi uongo. Akaniambia njia ni moja: mashahidi wawili waliomjua Mama miaka mingi, ambao hawarithi kitu, waje waape watoto wake ni akina nani, kisha mimi na wewe tutie saini.

Jumanne nikawapeleka shemasi Harmon Sipes na Bibi Vesta. Bibi alivaa kofia yake ya Pasaka. Bi Kubicek akauliza, "Marehemu Ozella Gantt alizaa watoto wangapi?"

Bibi Vesta akajibu, "Watatu."

Nikasema, "Bibi Vesta, tuko wawili, mimi na Royce."

"Nyamaza wewe, ulikuwa kwenye nepi. Mimi nilikuwepo. Kulikuwa na mwingine wa kiume kati yenu. Aliitwa Alton. Aliishi mpaka jioni."

Royce, nikamgeukia Sipes. Shemasi akatikisa kichwa kukubali. Alijua. Wote wa umri wao walijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutuambia. Bibi akasema Baba alimzika kando ya ule mti wa mpikani kwenye uzio, pale Mama alipokuwa akikataa nyasi zisikatwe kwa mashine. Nami miaka yote nilidhani ni ukaidi wake tu.

Bi Kubicek alisema mtoto huyo hana fungu katika nyumba, lakini lazima aandikwe. Akaandika: Twyla, Alton, Royce. Sikuwahi kuona majina yetu yamekaa hivyo.

Tulipotoka Bibi Vesta alinishika mkono kwenye ngazi. "Mwandikie huyo mdogo wako," akasema. "Mwambie Vesta kasema hivi: Alton hawezi kutia saini. Royce ana mikono."

Basi karatasi nimeiweka humu ndani. Benki yoyote huko ina mtu wa kushuhudia saini na kugonga muhuri. Nusu yako utaletewa, sitaigusa. Villarreal wamekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo watatafuta kwingine, maana mtoto hangoji.

Na kama hutaki nyumba iuzwe, sema hivyo. Sitakukasirikia. Nitaendelea kukata nyasi, Mungu atanipa magoti mengine. Najua bado una kinyongo, na Baba alikosea kweli kumuuza yule farasi wako bila kukuuliza, na Mama alilisema hilo mpaka kufa. Siwezi kulirekebisha. Ninachokiomba ni ndiyo au hapana kutoka mkononi mwako. Ukinyamaza, itabidi niwaambie watu hawa kwamba mama yetu ana watoto wawili wasioweza kuandika.

Marisol ameahidi pale kwenye mpikani hapatapita mashine. Nilimwambia kwa nini, akafanya ishara ya msalaba.

Dwayne anakusalimu, anasema uje ule kambare kabla daktari hajamkataza. Binti yangu Darla na wajukuu wanamsalimu mjomba wasiyemjua sura. Shemasi Sipes anakuombea. Salamu za Bibi Vesta umeshazipata.

Bwana akulinde utokapo na uingiapo, mdogo wangu, na akuelekeze njia ya posta.

Ni mimi dada yako, anayekupenda ukijibu na usipojibu,
Twyla