Anayengoja Teerisuo

Saukkovaara, 18 Agosti 2008

Mwanangu Virpi,

Natumai ulifika Oulu salama na kwamba treni haikukuchelewesha. Sisi huku wazima. Nyonga yangu hulalamika kila mvua inapokaribia, lakini nyonga haina akili, haisikilizwi. Nilimwuliza mdogo wako kama nikufikishie salamu zake, akasema, "Mm." Kwa Tuomo hiyo ni hotuba. Ulisahau mkate wa samaki juu ya benchi. Halla, kwa pua yake ya mbwa, hakuusahau.

Hesabu ya kwale nimeituma. Vifaranga ni wachache kuliko mwaka jana, ila mstari wetu wa watu watatu kuzunguka pembetatu ya msitu ulinyooka kuliko miaka yote tangu marehemu mama yenu alipokuwa akitembea upande wa kulia, ambao sasa ni wako. Mimi katikati na dira, naita "Kushoto!" Tuomo anaitika, naita "Kulia!" unaitika wewe. Mzee hahitaji muziki mwingine.

Sasa nina ombi. Septemba msimu wa kuwinda kwale unafunguliwa, na Tuomo atamfungulia Halla kule kinamasini, Teerisuo. Kazi ya mbwa wa ndege waijua: hutangulia peke yake, humpandisha kwale mtini, kisha hubweka hadi bwana wake afike. Mbwa mwitu husikia mlio huo kama watoto wa shule wanavyosikia kengele ya chakula. Yule jike uliyemvika ukanda wa redio mwezi wa tatu anakuonyesha alipo kila siku. Sikuulizi siri za taasisi yenu ya utafiti wa wanyama. Niambie neno moja tu: yuko upande wetu wa ziwa, au ng'ambo?

Ni mimi,
Baba yako

*

Oulu, 1 Septemba 2008

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyonga usiidharau, ipeleke kwa daktari. Mimi mzima, ila kazi imenizidi.

Neno moja hilo ndilo nisiloweza kusema. Mwenzetu mmoja alimwambia shemeji yake tu, na ukanda wa mnyama wake tuliukuta ndani ya shimo la choo. Nikimwambia mmoja, nimewaambia wote. Jike huyu ana watoto wanne, na katika mkoa mzima majike wanaozaa hawajai kiganja. Ninalowaambia watu wote nakwambia na wewe: mkiwa na shaka, msimfungue mbwa.

Usinikasirikie. Mkune Halla masikio kwa niaba yangu.

Mwanao,
Virpi

*

Saukkovaara, 14 Septemba 2008

Virpi,

Tu wazima, sisi wenye miguu miwili.

Mdogo wako alimfungua Halla asubuhi, Teerisuo. Alimsikia akibweka vizuri, kwa sauti ile ya kwale mkubwa. Kisha sauti ikakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno. Alichokileta nyumbani ni ukanda wa shingoni na kipande cha mkia. Aliviweka mezani kando ya bakuli la sukari. Nikamwambia, "Kaa, unywe kahawa." Hakukaa. Akauliza, "Dada alijua?"

Nilimjibu kwamba sijui, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Ndiyo maana nakuandikia. Ulijua?

Baba yako

*

Oulu, 20 Septemba 2008

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, sijaweza kuketi nayo.

Nilijua. Tangu mwisho wa Agosti kundi lilikuwa Teerisuo. Asubuhi ile niliiona nukta yao kwenye kompyuta nikashika simu, kisha nikaiweka chini. Nilijiambia kwamba mmenisikia, kwamba Halla amefungwa uani. Darasani ulitufundisha kwamba mtu anaweza kunyamaza na anaweza kusema kweli, na kwamba hakuna mlango wa tatu. Nilinyamaza wakati ule. Sasa nasema kweli.

Nimemwandikia Tuomo mara mbili. Hajajibu.

Mwanao,
Virpi

*

Saukkovaara, 6 Januari 2009

Mwanangu,

Salamu za mwaka mpya. Hatujambo. Krismasi hukuja, nasi hatukukuuliza sababu. Paja la nguruwe lilikuwa kubwa kwa watu wawili, na hakukuwa na mbwa wa kumpa mfupa.

Ili usidhani kwamba nakuficha, haya ndiyo yanayosemwa. Hilkka wa dukani aliniambia mbele ya foleni nzima, "Mwalimu, nikupimie soseji ngapi? Au tungoje kwanza wageni wa binti yako washibe?" Wakacheka. Nilimjibu kwamba anipimie za watu wawili, na kwamba ulimi wake aubakize, hauliki. Katika mkutano wa chama cha wawindaji Arvi alitaka tuache kuhesabu ndege kabisa. "Mbwa mwitu wahesabu wenyewe, si ndio wanaowala?" Nikainuka nikasema kwamba Agosti nitatembea mstari, hata kama kulia na kushoto kwangu kutakuwa na viti viwili vya jikoni.

Mdogo wako haongei. Siku hizi hata "Mm" tumeikosa. Huteleza thelujini kwa skii kutwa nzima na kurudi jioni, na hasemi alikokuwa.

Baba yako

*

Oulu, 3 Machi 2009

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Ishara ya jike imekatika. Haikufifia kama betri inavyokufa. Imekatika. Mara ya mwisho ilitoka Teerisuo, nyuma tu ya sauna yetu. Mwaka jana, alipolala kwa dawa, kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Nilikifunika kwa kofia ile aliyonifumia mama, ili jua la theluji lisimuumize macho. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mwezi wa tano angezaa tena. Watoto wake wa mwaka jana hawajajua kuwinda bila yeye. Watatawanyika, na wengine watafia barabarani.

Nimetetea jina la kijiji chetu mbele ya wenzangu. Nimewaambia kwetu watu wanaguna, lakini hawavunji sheria. Wewe hupitwi na jambo Saukkovaara.

Baba, nani?

Mwanao,
Virpi

*

Saukkovaara, 15 Machi 2009

Virpi,

Pole kwa mnyama wako. Nasema pole na sifanyi mzaha; mapaja yako nayajua, yalikuwa ya kulaza ndege waliovunjika mabawa tangu ulipokuwa mdogo.

Umeniuliza nani. Nikimwambia mmoja, nimewaambia wote. Maneno hayo nimeyapata kwa msomi mmoja wa Oulu, sikuyatunga mimi.

Tuomo amekwenda Norwe kukata miti. Nyonga ni ileile. Theluji ya paa naishusha mwenyewe.

Baba yako

*

Oulu, 22 Mei 2009

Baba,

Shikamoo. U mzima? Barua zangu mbili za Aprili hukuzijibu.

Barafu ya ziwa imeyeyuka na mvuvi ameunasa ukanda wa redio kwenye wavu wake. Umekatwa kwa kisu. Polisi wamekuja ofisini. Wanataka kumhoji Tuomo, ila hakuna ajuaye yuko Norwe sehemu gani, na mimi sijui. Nashukuru kwamba sijui. Lakini nakwambia: tangu Machi, wewe uliyekuwa ukimwita "mdogo wako" katika kila barua, humwiti hivyo tena. Nami ndiye uliyenifundisha kusoma.

Mwambie ajitokeze. Kilichotendwa kinaweza kusemwa. Yeye ni ndugu yangu, na yule jike hakuwa na ndugu wa kumsemea.

Mwanao,
Virpi

*

Saukkovaara, 28 Juni 2009

Mwanangu Virpi,

Natumai hujambo. Usiku umekwisha huku, jua halituachi tulale, na mbu wananenepa kwa damu ya mwalimu mstaafu.

Nilikwenda kwa daktari kama ulivyoagiza. Nyonga itakatwa na kuwekwa ya chuma mwezi wa kumi, na daktari amesema misitu na mimi tuagane. Kwa hiyo mstari wa Agosti hii ni wa mwisho kwangu. Sijawahi kuwaomba ninyi wawili kitu chochote kwa pamoja. Naomba hiki. Nipeni mguu wa kulia na wa kushoto, siku moja tu. Msiseme neno lolote la mbwa, wala la mbwa mwitu. Mtatembea, mtaitika ninapoita, tutaoga sauna, tutakula.

Tuomo amekubali. Atafika Ijumaa tarehe saba jioni, alale hapa. Jumamosi asubuhi tutaanzia Teerisuo kama kawaida, na Jumapili atarudi alikotoka. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Hata Hilkka hajui, na wewe wajua kwamba Hilkka hujua hata kuku gani ataatamia kesho.

Mengine yote tuyaachie Septemba. Njoo.

Baba yako

*

Oulu, 9 Julai 2009

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia, na sasa ninacheka kwa sababu ya Hilkka na kuku.

Nitakuja. Nitashuka kwenye basi Jumamosi asubuhi, msiningoje kwa kiamsha kinywa, nitawakuta mwanzo wa mstari. Viatu vyangu vya mpira viko nyuma ya jiko la sauna. Vikung'uteni, mwaka juzi mlikuwa na chura ndani. Mwambie Tuomo sitamwuliza kitu. Siku moja naiweza.

Upande wa kulia ni wangu. Usimpe mtu.

Mwanao,
Virpi

*

Oulu, Jumamosi, 8 Agosti 2009

Baba,

Leo ndiyo siku yenyewe, nami nimeketi jikoni kwangu na viatu vya safari miguuni. Basi limeondoka bila mimi. Barua hii itakapokufikia, kila kitu kitakuwa kimepita.

Jumatano afisa wa polisi alinijia. Aliniambia kwamba, kwa kuwa mimi ni dada, naruhusiwa kukataa kujibu. Kisha akauliza kama najua ndugu yangu atakuwa wapi na lini. Niliwawaza watoto wanne wa yule jike. Wawili tumewaokota barabarani, mizoga. Niliwaza kwamba kila mtu Saukkovaara amenyamaza, na kwamba nikinyamaza na mimi, basi hakuna aliyewahi kuuawa kule, hakuna kilichokuwapo. Nikajibu. Nilimwambia ni Teerisuo, Jumamosi, asubuhi.

Jana nilishika simu nikupigie, nikaiweka chini. Kumwonya kungekuwa kosa jingine. Wala sikuweza kuja kusimama kulia kwako nikimtazama akitembea.

Si kwamba simpendi. Naomba uniandikie, hata kama ni kunitukana.

Mwanao,
Virpi

*

Saukkovaara, 16 Agosti 2009

Kwa Dkt. Virpi Komulainen, Oulu

Barua yako ya tarehe nane nimeipokea. Kwa kuwa taasisi yako hutumia hesabu ya ndege, naeleza kwa nini mwaka huu haikukamilika.

Tulikungoja mwanzo wa mstari mpaka basi likapita. Tuomo alikuwa amekuletea viatu vyako vya mpira, amevikung'uta, akawa amevishika mkononi. Aliniambia, "Amechelewa tu, Baba. Tungoje kidogo." Hayo ni maneno mengi kwa Tuomo. Hilkka alikuwa akipita kwenda kuchuma matunda, nikamwomba asimame kulia, kwa kuwa mstari hauendi kwa watu wawili. Alikubali bila kufanya mzaha, jambo lililonishangaza.

Upande wa kwanza wa pembetatu tuliumaliza. Karibu na ule msonobari uliopigwa na radi aliruka jike wa kwale mkubwa na vifaranga vyake, kundi zuri, la kwanza la namna hiyo baada ya miaka mingi. Kwa furaha nikaita, "Virpi, umewaona?" Hilkka akajibu, "Mimi siye Virpi, mwalimu. Mimi nimekuja."

Mahali mstari unapovuka barabara ya kusombea magogo, wanaume watatu walitoka nyuma ya gari. Tuomo hakukimbia. Alinitazama, kisha akatazama kulia, juu ya kichwa cha Hilkka, mahali ambapo ungekuwa. Akaviweka viatu vyako chini kandokando ya barabara, kimoja kando ya kingine, akaenda nao. Kituoni amekiri siku hiyohiyo. Hakutaka wakili. Alisema tu kwamba yule jike alikufa kwa risasi moja na hakuteseka, na kwamba Halla aliteseka.

Kwamba alivunja sheria sikatai, wala sikukataa. Nilinyamaza. Wewe nawe ulikuwa na ruhusa ya kunyamaza. Sheria yenyewe ilikufungulia mlango huo, na afisa akakuonyesha kitasa. Kunyamaza hakukushindi. Nilipokuuliza wao wako wapi, ulinyamaza, na hukutetereka. Ulipoulizwa yeye yuko wapi, ukasema.

Mara mbili umejua nani anangoja Teerisuo. Mara mbili ulishika simu ukaiweka chini, ukamwacha wa kwangu aingie.

Umeomba nikutukane. Sikufundisha matusi, na sina.

Hesabu: upande mmoja wa pembetatu umehesabiwa, pande mbili hazikuhesabiwa, kwa kukosa watu. Mstari huu hautatembewa tena. Dira nimempa Hilkka. Viatu vyako viko pale vilipowekwa.

Oiva Komulainen
Mwalimu mstaafu