Mkono Unaorudi Kiunoni

Mjukuu wangu Achieng',

Sisi huku Karungu hatujambo. Baba yako amemaliza kuvuna mtama, na shangazi yako Akoth amejifungua msichana.

Umeniandikia kwamba huko Nairobi, katika kata zenu za karate, yale mazoezi ya kupigana bila mpinzani, mkono mmoja hupiga ngumi huku mwingine ukirudi kiunoni. Unauliza huo mwingine unavuta nini, na mbele yako hakuna mtu.

Karate siijui. Lakini miaka ya sitini kaka yangu Otieno alikuwa mpiga mieleka, na kila asubuhi alinifundisha uani. "Tanua miguu, kunja magoti, kamata, vuta kiunoni," alisema. Mimi nilicheka, maana nilikuwa nakamata hewa.

Msimu mmoja wa mvua tulivuka Mto Kuja, sisi wawili na mama yetu. Otieno alitangulia. Katikati ya mto mama aliteleza, akapiga kelele. Kabla sijafikiri, magoti yangu yalikuwa yamejikunja, nami nimemvutia mama kiunoni kwangu. Otieno aliposikia ile kelele aligeuka ghafla kututazama, na maji yakambeba. Tulimpata siku ya tatu.

Mkono huo humvuta mtu, Achieng', ila hujui bado ni nani.

Mama aliishi miaka mingi. Aliniuliza mara moja tu, tukichambua mboga: "Mbona hukuniacha ukamshika yeye?"

Niliendelea kuchambua.

Dani yako,
Awino