Baisikeli ya kipoyi

Albertville, upande wa muto Kalemie

Kwa Papa yangu mupendwa, Kirungu,

Pokea salamu zangu mimi Anselme, mutoto wako wa pili, pamoja na za muke wangu Mama Yuliana, na za Yuliana mwenyewe, mutoto wetu, ambaye ameota meno na anauma kila kinachomukaribia. Baridi ya milima inawatendeaje? Kifua cha Mama kingali kinakohoa, ao dawa ya masista imekituliza? Sisi huku chini ziwani tuko wazima. Joto ni lilelile, ndagala zipo sokoni, na milio ya bunduki hatujaisikia tangu mvua zianze.

Papa, kamba uliyonitumia kwa mikono ya nahodha wa mashua ya Moba ilifika, na mafundo yake yote. Nilipoifungua, Mama Yuliana alicheka: "Papa mukwe ametutumia kamba ya mbuzi. Na mbuzi iko wapi?" Nikamueleza kwamba kutoka fundo moja mpaka lingine ni kipimo cha baisikeli ya Padri muzee wa misioni, ile uliyoitunza wewe tangu mimi ni mudogo, na ambayo aliondoka nayo aliporudi kwao, vipimo vyake vikabaki kichwani mwako. Ya pili kama ile sijaiona hapa Albertville, wala Kongolo nilikofanya kazi kwanza. Wewe unaijua kuliko mimi, lakini acha niisifu: bomba nyembamba, mbili mbili, zimeinuka kama paa la nyumba, na mahali pa kiti cha chuma kuna utepe wa nyuzi uliofungwa mbele na nyuma, unaning'inia kama kipoyi, machela ya mabegani walimobebewa wazungu zamani. Padri alikuwa na mugongo mubovu. Leo mugongo mubovu ni wangu.

Unajua namna ninavyotembea tangu nianguke kutoka juu ya mashine ya gari la moshi. Kutoka kwetu huku juu kilimani mpaka ateliye yetu ya vyuma kule bandarini ni mbali. Nilijaribu baisikeli ya kawaida ya jirani. Kwenye jiwe la kwanza maumivu yalinipanda mpaka ndani ya meno. Nikawa nafika kazini wenzangu wamekwisha kuwasha moto na kumaliza mazungumzo ya asubuhi. Shefu wetu, Bwana Prosper, si muntu mubaya. Aliniita pembeni akasema, "Anselme, mukono wako ninauhitaji, lakini ninauhitaji asubuhi. Kama miguu imekataa, nitakuweka kwenye kibanda cha mulangoni, uwe mulinzi."

Papa, mimi fundi wa kulehemu, nikae kwenye kibanda kutazama wengine wakiingia kazini! Nilimwomba anivumilie mpaka mvua zikatike. Siku ile ile njo nilikuandikia kuomba vipimo.

Ya kwanza niliiunda kwa bomba za maji. Ilikuwa nzito, hata kuigeuza uani ilikuwa kazi ya watu wawili. Nilipoiteremusha kilimani ilikatika shingoni, chini ya usukani, nikaangukia katikati ya mihogo ya jirani yetu, Mama Tereza, mujane aliyekuwa akifua nguo katika nyumba za wazungu. Alitoka na mwiko mukononi.

"Anselme! Ukitaka majani ya sombe, omba! Usiniingilie na vyuma!"

Watu walicheka. Mama Yuliana hakucheka. Alinishika chini ya kwapa, akanisimamisha polepole, akasema: "Basi, iache. Mushahara wa mulinzi nao unanunua unga." Alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza kupita mugongo. Nilikaa kizingitini na ile baisikeli iliyokatika, sikutaka kula.

Kesho yake Mama Tereza akabisha hodi. Alikuja kutazama kilichomuharibia mihogo. Akakizunguka, akagusa bomba, akauliza, "Kwa nini umeweka nene hivi?" Nikamujibu kwamba nyembamba hazipatikani tena, wazungu wenye maduka wamekwenda. Akasema, "Mimi niko na kitanda cha chuma. Madamu aliniachia siku alipopanda meli. Kinalia kila nikijigeuza. Chukua, uniundie cha mbao."

Papa, bomba za kitanda kile! Nyembamba, nyepesi, ngumu. Nilizikata kufuata mafundo yako, na Bwana Prosper aliniruhusu kutumia moto wa ateliye wenzangu wakiisha kuondoka. Nililehemu kwa shaba, kiungo kwa kiungo, nikiacha kila kimoja kipoe chenyewe bila kukimwagia maji. Magurudumu niliyatoa kwenye baisikeli mbili zilizokufa. Nilipoiinua kwa mukono mumoja, nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Kiti kilinishinda. Ngozi ilikatika, kamba ya katani ililegea. Mama Yuliana, unajua kwao ni watu wa nyavu, alinitazama mpaka akachoka. "Ondoka hapo," akasema. Akachukua nyuzi za makila, nyavu zao za ziwani, akasuka kwa fundo la kwao, lile linalozidi kukaza likilowa. Akanikalisha, akasimama nyuma yangu akinitazama kama fundi wa nguo anayepima gauni, akasema, "Ukikaa, unalalia upande wa kushoto." Akakifumua chote, akaanza tena. Sijaona kitu kilichosukwa vizuri hivyo.

Asubuhi niliyoipanda kwenda kazini, muke wangu alikuja nyuma mbio, mutoto mugongoni, ili nikianguka awe karibu. Nikafika penye mawe. Nikakaza meno, nikangoja maumivu. Hayakuja. Kiti kiliyumba kidogo kushoto, kidogo kulia, mawe yakabaki chini na mimi juu. Niligeuka nikamuona Mama Yuliana amesimama katikati ya njia, ameshika kinywa kwa mikono miwili. Hakuwa anakimbia tena.

Muteremko wote nilisindikizwa na kelele. Wanawake wa sokoni wakaita, "Kipoyi bila wabebaji! Tazameni, kipoyi bila wabebaji!" Penye kizuizi, askari mumoja wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, Muhindi mwenye ndevu, alisahau kuniuliza karatasi, aliinua mti uliofunga njia, akanipigia saluti huku anacheka. Nami nikamurudishia saluti, Papa, mimi ninayeogopa askari.

Bwana Prosper alipofika alikuta moto wangu unawaka. Akaizunguka baisikeli, akabonyeza kiti kwa kidole.

"Nani ameunda hii?"

"Mimi, na papa yangu wa Kirungu, na muke wangu, na kitanda cha Mama Tereza."

Akaipanda, suruali yake ya pasi na yote. Akazunguka uwanja wa ateliye, wenzangu wakipiga nyundo juu ya chuma kumushangilia, na tulipodhani anashuka akazunguka tena. Aliposhuka alinipa mukono. "Rudi kwenye moto wako," akasema. "Mulinzi nitatafuta mwingine."

Tangu siku ile sijachelewa.

Jumapili iliyopita, tukitoka misa, Mama Yuliana aliniuliza kama wewe uliipanda sana ile ya Padri. Nikamwambia hapana. Uliifuta vumbi kila Jumamosi, uliisukuma kupandisha mulima wa Kirungu Padri akiwa amechoka, lakini kuikalia hukuikalia hata mara moja, haikuruhusiwa. Aliongeza hatua mpaka nyumbani. Akaweka mutoto chini, akatoa nyuzi.

Kwa hiyo, Papa, utume watu wateremuke Moba bandarini. Mashua itakayoleta barua hii inaleta baisikeli nyingine kama yangu, tuliyoiunda wiki hii kwa bomba zilizobaki za kitanda, imefungwa ndani ya mikeka. Ni yako. Ukikaa, kiti kitayumba. Usiogope, usikaze mugongo, kiache kikushike.

Umusalimie sana Mama, na Shangazi mufinyanzi, na Baba mudogo katekista, umwambie rozari aliyonipa ningali nayo. Na kaka yangu mukubwa Lambert ninamusalimia kwa neno moja: asikutangulie. Wa kwanza kuikalia njo wewe, muchana, mbele ya misioni, watu wote waone.

Mutoto wako anayekuheshimu,
Anselme