Ngazi ya Mtaro wa Abu Hamour

Jumamosi, 2 Machi 2013
Zamu ya asubuhi ya ulinzi, Abu Hamour, huku kwa Waarabu. Nimefungua geti, nimeandika majina ya mafundi kumi na wanne, nimekaa. Mtaro wa bomba umeshapita kimo cha watu wawili. Kuta wima, hazina hata gogo moja la kuzishikilia. Kwetu Geita mtu hashuki shimoni kabla ya kupiga matimba ya kuegemeza kuta. Nimechimba dhahabu miaka tisa, uvivu huu sijauona.

Jumapili, 3 Machi
Mafundi walipokwenda kula nimeshuka. Nimegonga kuta kwa kipande cha nondo, kama tulivyofunzwa. Upande wa kulia ni mwamba, unalia. Kushoto kimya. Udongo wa kujazwa huo. Nimemwambia msimamizi. Amecheka, akanionyesha geti kwa kidole. Eti mlinzi alinde! Nimekasirika, nikarudi getini.

Jumatatu, 4 Machi
Ufa ukingoni, upande wa kushoto. Kidole kinaingia. Jana haukuwapo.
Nimeitoa ngazi mtaroni kabla mafundi hawajashuka. Nikaikalia. Msimamizi amenitukana kwa Kiarabu, kwa Kihindi, na kwa lugha nisiyoijua. Nilijua naweza kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Niliogopa sana. Sikunyanyuka. Fundi mmoja alinipa maji yake.
Baada ya saa nzima akaja mhandisi. Akachomeka nondo ukutani, ikazama. Akaagiza mbao na vyuma vya kuegemeza. Mimi hakunitazama.

Jumatano, 6 Machi
Barua ya onyo. Nimehamishiwa Al Rayyan, geti la nyumba za familia. Otieno, Mkenya tunayeishi naye chumba kimoja Al Mansoura, hana huruma: "Buda, ulijichoma bure! Sasa hiyo mtaro isipoanguka, nani atakuamini?"
Nimemwambia mtaro wenye mbao hauanguki, ndiyo kazi ya mbao. Akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila hapa hata wenyeji wa mtaro, wale mafundi, ni wageni. Tumecheka. Lakini imeniuma. Nimetamani uanguke kidogo tu, bila mtu ndani. Aibu kuandika hivi.

Ijumaa, 29 Machi
Mapumziko. Nimepita Abu Hamour. Mtaro umefukiwa, lami juu yake. Haukuanguka. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna wa kunipongeza. Nimejipongeza mwenyewe. Nimenunua samaki mzima, nimemkaanga, nimekula, nimeshiba.