Nyumba ya Mbao ya Babu Yako

Novatus, pumzi yangu,

Tangu urudi kazini Mwanza, nikiita jina lako ni sakafu ya mbao tu inayoitika. Naipenda mno nyumba hii ya babu yako, nakshi za madirisha yake, harufu ya mvule mvua ikinyesha! Jana kaka yako Thobias alileta mafundi waibomoe, ajenge ya tofali. Kwa kuwa kimila bibi harusi hatoki nje kabla mama mkwe hajamtoa, nilitulia sebuleni.

"Bosi, tumbomolee bibi harusi kichwani?" fundi akacheka.

Wakaondoka.

Mama yako anakuja Jumamosi kunitoa. Nimemtumia ujumbe kwamba naumwa. Mpenzi, njoo uzungumze na kaka yako. Siwezi kuumwa mpaka uzeeni.

Akupendaye kupita kiasi,
Koleta