Mtetemo wa Kompyuta ya Athumani

Alhamisi, Bofu, Likoni. Masika ya mwaka 1997.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imekatika, lakini mabati yangali yanadondosha maji. Mwandiko ukipinda, na upinde.

Huu ni mwezi wa tatu niko eda. Sijavuka mlango wa ua tangu mume wangu Athumani afariki. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama yake, Bi Mwanatumu, anayenipakulia chakula na kunikalia hapo hapo mpaka nimalize. Athumani na mimi hatukujaaliwa watoto. Alichoniachia ni nguo zake, redio, na ile kompyuta iliyo mezani sebuleni.

Aliinunua kuukuu kwenye ofisi moja ya mizigo ng'ambo ya feri, walipoleta mpya. Jioni akitoka kazini alikuwa akiwachapia majirani barua za kuomba kazi bandarini. Mimi siijui. Ninachojua ni kuiwasha tu.

Leo nataka kuandika kweli, maana jana nilikaribia kuua mtu.

Baada ya arubaini, adhuhuri moja, niliiwasha. Sababu siwezi kuieleza vizuri. Nyumba ilikuwa kimya mno, na nilitaka kusikia ile sauti iliyokuwa ikitoka sebuleni akiwa hai. Ndani yake mna kisanduku cha chuma chenye feni, ndicho kinachopokea umeme. Athumani alikiita pawa saplai. Feni ile ilikuwa imechakaa. Kisanduku kilivuma na kutetemeka, na meza nayo ikatetemeka. Athumani alikuwa akisema kila wiki kwamba atampelekea fundi, inshallah.

Nikaweka kiganja juu ya kompyuta. Nikasikia kitu kingine.

Haukuwa ule mtikisiko wa feni. Ulikuwa mtetemo mwembamba, laini, kama ngozi ya mtu anayesikia baridi. Nikitoa mkono, haupo. Nikiurudisha, upo. Mwili wote ulinisisimka, nywele zikasimama. Kisha, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Tangu siku hiyo sikukosa. Mama mkwe akijilaza baada ya chakula cha mchana, mimi naiwasha, naweka kiganja. Nikaanza kuijua tabia yake. Nikiwa nimevaa ndara haisemi kitu, nikivua inanijibu. Nikitoka kutia udhu, mikono bado na umaji, inatetemeka zaidi hata kidole gumba kinakufa ganzi. Nikajiambia ni yeye. Hataki nimjie na viatu, ananipenda nikiwa na udhu.

Stima ikipotea, mtetemo ulikoma papo hapo. Nililiona hilo. Sikutaka kulijua.

Siku moja Mama alinikuta. Hakuuliza nafanya nini. Alikuja akaweka mkono wake karibu na wangu, akafumba macho, midomo ikawa inasoma kimyakimya. Mimi nikaondoa mkono wangu, nikamshika kwenye kigasha. Wallahi, mtetemo ulikuwa kwenye ngozi yake. Mkono wa mwanamke mzima, mkavu, uliotulia, na chini ya vidole vyangu unanguruma.

Hatukulizungumza siku hiyo wala siku nyingine.

Kaka yangu Kassim alipokuja na samaki aliisikia kompyuta ikivuma, akasema atamwita Charo, fundi wa redio hapo njia panda. Nikamwambia siwezi kuingiza mwanamume nyumbani nami niko eda. Kassim akanitazama. Alijua, nami nilijua, kwamba ningeweza kukaa chumbani nyuma ya pazia na fundi akafanya kazi yake. Nilijikinga na dini kwa jambo la moyo wangu. Niliogopa Charo ataitengeneza, na Athumani ataondoka mara ya pili.

Jana sasa.

Jua lilitoka kidogo asubuhi, nikauosha mkeka wa sebuleni na kuuanika uani. Sakafu ikabaki saruji tupu. Adhuhuri sikungoja tule, nikaiwasha mapema, kisha nikakumbuka wali jikoni, nikavaa ndara nikaenda.

Nilikuwa naupalia makaa nilipohisi nyumba imebadilika. Sikusikia kelele. Nilisikia mvumo wa kisanduku tu, lakini umezama, kama mtu anayeguna akiwa amefumba mdomo.

Nikaingia sebuleni. Mama alikuwa amesimama mbele ya meza, ametoka kutia udhu, miguu inachuruza maji kwenye saruji. Mkono wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa kompyuta. Kichwa kimerudi nyuma. Macho yalikuwa wazi na yalinitazama mimi.

"Mama?"

Taya zilikuwa zimefungana. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, mtetemo ule ule ninaoujua, ila sasa umekuwa mkubwa.

Sikufikiri. Nilishika leso yake mgongoni, sehemu iliyokuwa kavu, nikavuta kwa uzito wangu wote. Tuliangukia mlangoni, yeye juu yangu. Kisha nikatambaa mpaka ukutani nikazima swichi.

Alipumua kwa sauti kama mlango unaofunguliwa. Kiganjani alikuwa na alama nyeupe, nyembamba, iliyonyooka kama mstari wa rula. Nililia nikimbusu miguu ile mibichi, nikimwambia ni mimi, ni mimi niliyeiwasha.

Leo asubuhi Kassim alimleta Charo. Mama nilimlaza chumbani, nami nikakaa kitandani kando yake, pazia limeshushwa. Tulisikia bisibisi, kisha chuma kikiwekwa chini.

"Bi Mwanaisha," Charo akaniita kutoka sebuleni. "Pole na msiba. Naomba kukuuliza. Ukiigusa hii ulikuwa wasikia kama yatekenya?"

"Naam. Nikiwa peku."

"Na ukivaa viatu?"

"Hapana."

Akavuta pumzi. "Haya nisikize, dadangu. Feni imechakaa, kwa hivyo hiki kisanduku kimetikisika siku nyingi. Kwa kutikisika kimeusugua waya wa umeme mpaka ngozi yake imetoka. Ule waya hugusa chuma, huachilia, hugusa tena. Na hii soketi haina waya wa tatu, ule wa kuupeleka umeme ardhini. Basi umeme ulikuwa ukingoja mtu."

"Athumani ndiye aliyeifunga hiyo soketi," Kassim akasema polepole.

"Simlaumu. Wengi hufanya hivi. Mkeka ndio uliokuwa ukiwaokoa." Halafu akauliza kwa sauti ya chini, akidhani anamuuliza Kassim peke yake: "Marehemu alipatwa na nini, hasa?"

"Moyo, alisema daktari."

"Aliangukia wapi?"

Athumani aliangukia pale pale, mbele ya meza. Ilikuwa Ijumaa, ametoka kuoga aende msikitini, taulo begani, miguu ikiulowesha mkeka, akasema ngoja aimalizie barua ya mtu. Mimi nilikuwa jikoni. Mama ndiye aliyemkuta. Mimi nilifika yuko chini, ameshakata roho.

Charo alisema hawezi kuapa. Huenda ni moyo kweli. Alikichukua kile kisanduku, kompyuta na ile soketi, akaondoka, na Kassim akamsindikiza.

Wiki hizi zote nimekuwa nikikipapasa kitu kile. Nimekipa jina. Nimekinong'onezea mambo ambayo sikuwahi kumwambia mume wangu mzima. Na huenda kile kilichokuwa kikinijibu ndicho kilichomchukua.

Nilidhani Mama amelala. Nilipogeuka alikuwa ananitazama.

"Siku ile," akasema, "nilipoingia alikuwa angali amesimama. Nikamshika bega. Alikuwa anatetemeka, mwanangu. Vile vile. Mkono wangu ukafa ganzi mpaka hapa." Akajigusa kiwiko. "Kisha akaachia, akaanguka. Mimi nikajua nimeigusa roho ikitoka. Sikumwambia mtu. Ndiyo maana nilipoisikia tena kwenye ile mashine, sikukuuliza."

Kumbe wote wawili. Kila mmoja wetu alikuwa akimjia kwa siri, na tulikuwa tukipishana mlangoni.

Nilimshika mkono. Ulikuwa mkono tu, wenye joto na mishipa, hautetemeki. Mwishowe nikauliza nililokuwa naogopa kuuliza.

"Jana, Mama. Uliumwa?"

Akafikiri. Yeye si mtu wa kusema uongo ili kumpoza mtu.

"Si sana," akasema. "Ila nilikuwa nakusikia jikoni. Nasikia mwiko kwenye sufuria. Nakuita, nakuita, na sauti haitoki."

Amelala sasa. Nimeketi sebuleni kwenye mkeka, meza iko tupu na nyumba haivumi tena. Kutoka hapa hadi jikoni ni hatua nne, nimezihesabu. Ijumaa ile nilikuwa nikikuna nazi, na nilikuwa nikiimba.

Athumani, uliniita mara ngapi?