Evanthia Wawili na Chumba Kimoja chenye Roshani

Mpendwa Bi Aspasia,

Mwezi Julai nilipoteza safari ya meli niliyoisubiri tangu nifungue duka, pamoja na euro 1,640 nilizoilipia, na leo naomba msaada wako nikiwa nimeshinda, maana fedha zangu zinarudi zote, taslimu, hadi senti ya mwisho, na ushindi huo ndio ulioniweka pabaya kuliko hasara yenyewe.

Nina duka la dobi hapa Volos, nyuma ya stesheni ya treni. Nilianza na pasi moja ya kuazima, sasa nafua mashuka ya hoteli sita za mlimani, sina mume wala deni, na nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii, kwa hiyo naomba barua hii isisomwe kama ya mama wa kulialia. Naitwa Evanthia Karatza. Binti wa baba yangu mdogo naye anaitwa Evanthia Karatza, kwa sababu baba zetu wawili kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao kama inavyopasa, na kwa kuwa kwetu mwanamke akiolewa anabaki na jina la kwao kwenye karatasi, hata harusi yake haikututenganisha. Mtaani, kwa majina ya baba zetu, mimi ni wa Thomas, yeye ni wa Apostolos, na hivyo ndivyo tulivyoishi miaka hamsini na kitu bila kukosana, na kila mwaka sikukuu ya jina letu, siku ya mtakatifu wake, tunaifanya pamoja kwa mama yangu, mlango wazi, wageni wanakuja kuwapongeza Evanthia wote wawili kwa mkupuo mmoja na kujiokolea sanduku moja la keki.

Masika hii, meli zilipoanza kurudi baharini, kampuni moja ilitangaza masharti laini kwa ajili ya watu walioogopa ugonjwa uliotuvalisha barakoa: lipa sasa, na ukighairi hata siku mbili kabla ya kuondoka, kwa sababu yoyote ile, unachagua mwenyewe kurudishiwa fedha zako zote au kupewa kuponi yenye nyongeza ya robo kwa safari nyingine. Nilisoma masharti hayo mara tatu nikitafuta mtego, sikuuona. Tukakata tikiti mimi na ndugu yangu huyo kwenye kompyuta ya dukani, siku moja, meli moja, kutoka bandari ya Piraeus kuzunguka visiwa. Mume wake hatukumhesabu kwa sababu hata kivuko kinamtapisha. Mimi nilichukua chumba chenye roshani, maana nilitaka wiki moja ya kukaa nje nikitazama maji ambayo sikuyatia sabuni mimi, na yeye akachukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, cha euro 890, akasema analala gizani hata kwake.

Wiki ya safari ilipofika, hoteli mbili ambazo mwaka mzima hazikunipa hata foronya zikajaa kwa mpigo, wakaniambia ama unafua ama tunatafuta mwingine, na mtu aliyeanza na pasi ya kuazima haambiwi hilo mara mbili. Nikampigia ndugu yangu, nikamwambia nenda peke yako, akanipa pole, kisha nikaghairi kwenye mtandao zikiwa zimebaki siku tano, nikachagua fedha, na ile kuponi ya 2,050 nikaikataa kwa sababu kuponi hailipi umeme. Jibu likaja: safari ya Evanthia Karatza imefutwa. Nikasoma jina, nikafunga, nikarudi kwenye mashuka.

Aliporudi alikuja dukani amebabuka pua, na mtungi wa nyanya kavu za Santorini mkononi.

"Wa Thomas, hutaamini. Nimelala kwenye roshani."

"Ulianguka kitandani?"

"Chumba chenye roshani, mjinga wewe. Nimefika langoni, msichana akatazama jina, akaniambia karibu bibi, ghorofa ya nane. Nikamwambia mimi wa ndani. Akasema hapa nakuona wa roshani. Sasa nibishane na mtu aliyevaa barakoa mbili?"

"Hukuuliza kwa nini?"

"Niulize nini? Meli nusu tupu, wanawabembeleza watu kwa kila kitu. Kifungua kinywa waliniletea chumbani. Mayai, wa Thomas, kwenye roshani."

Nilicheka naye, Bi Aspasia. Sketi yake nikaipiga pasi bure. Agosti akanunua jokofu jipya, nikaenda kulitazama, nikalisifu.

Mimi fedha zangu hazikuja. Nikapiga simu kwa kampuni, nikazungushwa na muziki, kisha nikampata kijana anaitwa Lefteris, mpole sana, sauti kama ya mtoto wa altare.

"Bibi Karatza, kumbukumbu zetu zinaonyesha ulisafiri."

"Nilisafiri wapi?"

"Pamoja nasi. Ulipanda, ulikula, ulinunua losheni ya jua. Na tunakushukuru kwa maoni yako, umemsifu sana mpishi wa mayai."

"Mwanangu, mimi tangu Mei sijaona jua, naona mvuke. Nilighairi, na jibu lenu ninalo hapa."

"Nisomee namba ya tikiti iliyofutwa."

Nikaisoma. Akaniambia kwa upole ule ule kwamba namba ile si ya tikiti yangu bali ya chumba cha ndani, na euro 890 zake zimesharudishwa. Hapo ndipo nilipoona. Nilipoghairi, mtu wao aliandika jina, akakuta la kwanza, akalifuta, na hilo la kwanza lilikuwa la wa Apostolos. Langoni yeye hakuwa na tikiti tena, mimi nilikuwa nayo, jina lilikuwa lile lile, wakampandisha kwenye chumba changu. Na wiki iliyofuata euro 890 zikamrudia kwenye akaunti, kwa kuwa kwa hesabu zao aliyeghairi ni yeye.

Lefteris akasema kesi imefungwa, abiria Evanthia Karatza amesafiri. Nikamwambia haijafungwa, na nikamfanyia kile ninachofanya dukani kila siku. Mtaa wetu una kina Kostas kumi na wanne, na hakuna koti la Kostas linaloning'inizwa kwangu bila jina la baba yake juu ya tikiti. Fomu yao haina mstari wa jina la baba, lakini kitambulisho chetu kinalo.

"Kwenye picha ya kitambulisho mliyopiga langoni, baba yake nani?"

"Siruhusiwi kusema, bibi."

"Si unasema ni mimi? Basi niambie jina la baba yangu."

Nikasikia anabofya. "Apostolos."

"Sasa fungua kitambulisho nilichowatumia nilipolipa. Soma."

Akabofya tena. "Thomas."

"Kwa hiyo baba yangu aliitwa Thomas nilipolipa na Apostolos nilipopanda. Mwaka wa kuzaliwa nao ulibadilika njiani?"

"Umebadilika, bibi," akasema, na nakuapia nilimsikia anacheka chini chini. "Naomba nikupeleke kwa mkubwa wangu."

Mkubwa wake alikuwa mkali kwa dakika chache, halafu akawa mpole kwa wiki mbili. Alijaribu kuponi, nikakataa. Alijaribu kuponi kubwa zaidi, nikamwambia nimeshafua mashuka kwa safari hii, sitafua tena kwa nyingine. Jumatatu akaandika kwamba nina haki, nilighairi ndani ya muda, kosa ni lao, fedha zote zinarudi. Wasichana wangu dukani walipiga makofi hadi mteja akadhani ameshinda kitu.

Lakini wameambatanisha tamko la kiapo, nilitie saini na kuligonga muhuri serikalini kabla ya ofisi zao kufungwa Ijumaa. Sehemu ya kwanza nitamke kwamba mwanamke wa picha ya langoni si mimi. Sehemu ya pili nitamke kwamba namfahamu, ni nani, na kwamba alitumia tikiti yangu kwa makusudi bila idhini yangu. Na Jumamosi ndiyo sikukuu ya jina letu. Mama yangu ana miaka themanini na tatu, nilipomweleza aliendelea kumenya biringanya, akasema, "Fedha chukua. Ila jina la bibi yako usilipeleke polisi." Nikamwuliza nitalichukuaje moja bila jingine, akasema yeye si mwanasheria. Ndugu yangu hajui kwamba najua. Juzi alipita dukani akaniuliza mwaka huu tuoke pai ngapi za jibini, nikamwambia nne, nikaendelea kukunja shuka la watu.

Roshani naweza kuamini aliona ni bahati. Lakini fedha zilipomrudia kwa safari aliyosafiri, aliona ni nini? Nitie saini au nisitie, na tafadhali usinizungushe, nimeshazungushwa vya kutosha.

Evanthia wa Thomas, Volos

*

Evanthia wa Thomas,

Kwanza pokea pongezi. Nimepokea barua nyingi za safari zilizokufa kwa ugonjwa huu, na karibu zote zinaishia na kuponi ndani ya droo na mwenye kuponi akijifariji. Wewe umewafanya wakusomee jina la baba yako mwenyewe kwenye simu na ukawashinda kwa mstari ambao hawakuuweka kwenye fomu yao. Fedha ni zako. Usizionee aibu, na mtu yeyote asikuambie kwamba mwanamke mwema angeziacha zipotee ili nyumba itulie.

Sasa nikuseme kidogo. Wewe hutundiki koti la Kostas bila kuuliza wa nani, halafu barua ya fedha zako mwenyewe ukaisoma jina tu na kuifunga? Namba ilikuwa pale, chini ya jina. Siku moja uliyosahau kuuliza "wa nani" imekugharimu kiangazi kizima. Kosa lilikuwa la kampuni, hilo halibadiliki, ila ungelishika siku ile ile, mtu asingekula mayai kwenye roshani yako.

Kuhusu tamko, jibu ni rahisi kuliko unavyodhani. Sehemu ya kwanza tia saini, ni kweli tupu na inakuhusu. Sehemu ya pili ikate kwa kalamu, mstari mmoja, saini ndogo pembeni, kisha gonga muhuri. Hujui kama alitumia tikiti yako kwa makusudi, na kiapo hakiandikwi kwa mambo ya kukisia. Wanataka umtaje wa nini? Kitambulisho chake wanacho, walikipiga picha wenyewe, anwani yake iko humo. Wanachotafuta ni wewe uwe mlalamikaji, ili barua ya kumdai itoke kwako na makosa ya langoni kwao yasahaulike. Wakikuambia bila sehemu ya pili hawalipi, waulize kwa maandishi ni sharti gani katika yale masharti yao laini linalosema mteja aliyeghairi ndani ya muda lazima kwanza amshtaki ndugu yake. Wewe umeyasoma mara tatu. Mimi nimeyasoma mara moja baada ya barua yako, halimo. Watalipa.

Zile euro 890 si zako, wa Thomas, zisikutie joto. Hizo ni kati ya ndugu yako na kampuni, na akiwa na akili atawapigia yeye kabla hawajampigia. Unaweza kumwambia hivyo. Huko si kumshtaki, ni kumwonya mapema.

Lakini si hesabu iliyokuandikisha kurasa nne. Umezungumza na Lefteris, na mkubwa wa Lefteris, na wasichana wako, na mama yako, na sasa na mimi na kila anayenunua gazeti hili. Mtu mmoja tu hujamwuliza, naye alikuwa mbele yako juzi akihesabu pai. Ulimsifia jokofu. Ulimwambia nne. Unamhukumu kila siku bila kumwita shahidi, na Jumamosi unataka kusimama naye mlangoni kwa mama yako mkipokea pongezi za jina moja, wewe ukiwa umeshatoa hukumu na yeye hajui hata kama kuna kesi. Huo ndio unaoitwa unafiki, na haukufai, kwa sababu barua yako yote inaonyesha mtu asiyejua kuzunguka.

Huenda hakujua. Watu wengi mwaka huu wamerudishiwa fedha za mambo wasiyoyakumbuka, za ndege, za matamasha, za hoteli, na wakashukuru bila kuuliza. Huenda alijua akaona kampuni ni tajiri. Huenda alijua kabisa ni chumba chako akala mayai huku akikufikiria. Kila moja ina dawa yake, na huwezi kuitafuta dawa hujajua ugonjwa. Akikujibu vibaya utaumia, ila Jumamosi utakuwa unajua umesimama karibu na nani.

Gazeti hili linatoka leo, Alhamisi, naye anaweza kujisoma humu. Usingoje aje dukani, usimtume mama, usiandike ujumbe wenye vicheko. Mpigie simu leo, ukiwa umekaa, na umwambie maneno haya bila kuyapamba:

"Wa Apostolos, chumba ulicholala kilikuwa changu, na fedha ulizorudishiwa zilitokana na kughairi kwangu. Nimeshajua na kampuni imeshajua. Sikutaji kwenye kiapo na sikudai kitu. Nataka jambo moja tu kutoka mdomoni mwako: ulijua, ndiyo au hapana? Fikiria usiku huu ukitaka, lakini jibu nalitaka kesho Ijumaa, kabla ya saa sita mchana."